Ganda la risasi limenasa kwenye dai, na msimu wa elki umekaribia

Mjomba Fundi, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Tabora, ila huu mwaka wa 9 niko Boise, Idaho, naendesha malori. Ukaazi wangu ni wa kudumu na leseni ya uwindaji ninayo. Jirani yangu, mzee mmoja mstaafu, ndiye aliyenizoesha kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa huku, huko milimani, na mwaka jana akanifundisha kujaza risasi upya badala ya kununua za dukani kila mara. Nikapata presi ya mkono inayobana ganda moja moja, seti ya dai (vikalibu vya chuma vinavyolirudisha ganda kwenye umbo lake) za risasi aina ya .308 Winchester, kipimio cha baruti na mizani ya kielektroniki, vyote kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vya gereji yake. Risasi 40 za kwanza zilikwenda vizuri kabisa. Sasa kila kitu kimegoma kwa pamoja.

Wiki iliyopita nilikaa kuandaa 60. Nusu ya maganda ni yangu, nimeyapiga mwenyewe. Nusu niliyaokota kwenye uwanja wa shabaha, mazuri tu, nikayatia kwenye mashine ya kutikisia pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa mpaka yakang'aa kama bangili za Mhindi. Nikayasimamisha kwenye ubao, nikayapulizia kilainishi cha kopo, nikaanza kazi hapo hapo. Ganda la 34 likaingia kwenye dai, halikutoka. Nikaning'inia kwenye mkono wa presi kwa uzito wangu wote. Kishikio cha ganda kikanyofoa ukingo wa kitako, ganda likabaki ndani. Nimegonga kwa nyundo, nimelaza dai kwenye friza usiku kucha, wapi!

Jirani akaniazima dai yake, nikaziba pengo kwa ganda jingine, nikamalizia nayo. Hapo yakaanza mengine. Baadhi ya fataki (vile vidude vya kitakoni vinavyowasha baruti) hazitaki kuingia kwenye kitundu chake, nasukuma mpaka zinabonyea. Nilipomaliza nikazijaribu risasi kwenye bunduki moja moja pale pale gerejini, 9 hazifungi bolti. Mizani nayo inatembea: sahani tupu inasoma sifuri, nikigeuka kidogo inasoma 0.3, nabonyeza kitufe cha sifuri naendelea. Gereji ni baridi, feni ya joto naiweka juu ya meza ili vidole visigande.

Jirani anasema zile 51 zinazoingia nizipige tu, hazina neno. Msimu unafunguliwa baada ya siku 12. Huku shemeji yangu wa Tabora anataka nikienda Desemba nimbebee fataki na baruti kidogo. Na mke wangu amenuna, anasema meza ya jikoni nimeigeuza karakana na vumbi lile litamdhuru mtoto wetu wa miaka 2. Chekecheke lake la unga nililitumia mara moja tu kutenganisha magunzi na maganda.

Niambie ukweli, Mjomba. Nimeuziwa mashine mbovu?

Mpwa wako, Boise

——

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na litakalokuuma. Zile 60 usipige hata moja, pamoja na zile 51 anazozitetea jirani. Zing'oe vichwa zote. Nitakueleza sababu huko mbele, lakini zitie kwenye boksi sasa hivi, andika juu yake kwa maka peni “USIPIGE”, halafu urudi tuzungumze.

Presi yako inasingiziwa. Chukua moja ya zile 9 zilizokataa, igeuze, usome maandishi ya kwenye kitako. Kisha soma nyingine. Nikiwa na haki ya kubahatisha nikiwa mbali hivi, utakuta herufi LC na tarakimu mbili za mwaka, na huenda kialama cha duara lenye msalaba ndani. LC ni Lake City, kiwanda cha risasi za jeshi la Marekani kule Missouri. Ile alama ya duara ni ya NATO. Maana yake ulichookota si .308 ya mwindaji, ni 7.62×51, pacha wake wa jeshini. .308 ilitoka 1952 kwa ajili ya raia, ile ya NATO ikapitishwa miaka miwili baadaye. Kwa umbo zinafanana hata fundi mzoefu anachanganya, lakini ganda la jeshi lina ukuta mnene zaidi, na lina mambo mengine matatu ambayo ndiyo yamekutesa wiki nzima.

La kwanza ni kwamba mengi ya maganda hayo yamepigwa kwenye bunduki ya mashine. Chemba ya bunduki ya mashine, yaani tundu inamokaa risasi, inatobolewa kwa ulegevu kusudi risasi iingie hata kukiwa na vumbi na moto. Ganda likipigwa humo linavimba mpaka karibu na kitako, mahali ambapo shaba ni nene na ngumu. Ukilirudisha kwenye dai ya kawaida ni kama kumvisha mtu mzima sare yake ya darasa la tano. Ama litanasa, ama litatoka likiwa bado limenenepa chini, na bolti itakataa.

Ongeza na kilainishi chako. Uliyasimamisha maganda ukapulizia kutoka juu, kwa hiyo shingo na bega zililowa, na kule chini kwenye kitako, ambako ndiko kazi iliko, hakukufika kitu. Halafu ukaanza hapo hapo. Vilainishi vingi vya kupulizia vimeyeyushwa kwenye spiriti. Mpaka spiriti iruke, kinachobaki juu ya shaba ni maji maji yasiyolainisha chochote. Maganda yalazwe kwenye sinia, uyapulize, uyaviringishe kwa kiganja, upulize tena, uyaache dakika kadhaa mpaka ukiligusa moja vidole vihisi utelezi mkavu kama wa nta. Usizidishe nako: mafuta yakijaa kwenye dai yanakosa pa kwenda, yanabonyeza bega la ganda na kuacha vishimo.

Sasa tulitoe lililonasa. Wazo la friza si la kijinga, maana shaba husinyaa kuliko chuma, ila tofauti ni ndogo mno kwa ganda lililokabwa hivyo. Nyundo iache. Na usithubutu kuipasha dai moto kwa gesi.

Fungua dai kutoka kwenye presi. Ule msumari wa katikati unaotolea fataki, legeza nati yake ya juu uuvute juu kadiri utakavyokubali, usije ukautoboa. Fataki iliyopigwa ilishatoka ganda lilipopanda, lakini tazama kwa tochi uhakikishe; usitie keekee kwenye kitako kabla hujakiona kitundu kikiwa kitupu. Ibane dai kwenye jiliwa kwa vipande vya mbao ili usiharibu nyuzi zake. Toboa kitundu cha fataki kipanuke kwa drili ya milimita 5.1, kisha pitisha tapu (kifaa cha kukatia nyuzi) ya robo inchi yenye nyuzi 20, ile ya bolti za kawaida kabisa zilizojaa maduka ya vifaa huko kwenu. Tia tone la mafuta, zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, taratibu. Ukishapata nyuzi, chukua soketi ya spana ambayo mdomo wake unalipita ganda kwa upana, ikalie juu ya uso wa dai kama kofia. Juu yake weka washa nene, kisha bolti ipite katikati iingie kwenye nyuzi ulizokata. Sasa kaza. Bolti haina pa kwenda, soketi haiendi popote, kwa hiyo ganda ndilo linalopanda. Utasikia mlio mdogo kama kizibo, limetoka. Kuna seti zinazouzwa tayari kwa kazi hii, lakini vifaa hivyo hivyo viko kwenye boksi la fundi yeyote wa malori, na najua wewe huendi safari bila boksi hilo.

Dai ikishatoka, isugue ndani kwa brashi na spiriti. Pitisha ganda moja la dukani lililolainishwa vizuri. Likitoka na mchirizi wa wima, kuna kipande cha shaba kimeganda ndani ya dai. King'arishe taratibu mpaka mchirizi uishe.

Jambo la pili la maganda ya jeshi ni zile fataki zilizobonyea. Jeshini hawataki fataki iruke nje ya ganda katikati ya vita, kwa hiyo kiwandani hukandamiza shaba kuizunguka iishike. Fataki ya zamani hutoka, ule mdomo uliokandamizwa hubaki, na mpya inagonga kwenye ukingo huo. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kusukuma au kukwangua ukingo. Nguvu si dawa. Fataki ni kilipuzi, mpwa, na kazi yake yote duniani ni kulipuka inapogongwa. Ukiona inakataa, simama, toa ganda, tazama. Na kama huvai miwani ya kinga unapofanya kazi hiyo, anza leo.

La tatu ndilo linalonifanya nisikubaliane na jirani, pamoja na heshima yote ninayompa mzee aliyemlea mgeni namna hiyo. Ukuta mnene maana yake nafasi ya ndani ni ndogo. Kipimo kile kile cha baruti kilichokaa kwa raha kwenye ganda la dukani, kwenye ganda la jeshi kinabanwa, na mgandamizo unapanda. .308 hufanya kazi mpaka pauni 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la lori lako lina kama 100. Pale hapana nafasi ya “hazina neno”.

Na hapo ndipo mizani inapoingia.

Umeniambia sahani tupu ilikuwa inapanda mpaka 0.3, unabonyeza sifuri, unaendelea. Hiyo ni greni, na greni 7,000 ndiyo ratili moja, kwa hiyo unaweza kusema 0.3 ni kitu gani hicho, sonara mwenyewe asingeiona. Sikatai. Tatizo si ile 0.3 uliyoiona, ni zile ulizokuwa hukuziona wakati sahani ina baruti na wewe unaamini namba. Kitufe cha sifuri hakikwambii kama mizani inapima sawa. Kinakwambia tu kwamba umeiamuru iseme sifuri.

Iondoe feni ya joto mezani. Upepo wake unaisukuma sahani na joto lake linapotosha kihisio. Simu iweke mbali. Kama taa ya juu ni ya mrija, jaribu kuizima uwashe nyingine uone kama namba zinatulia. Iwashe mizani nusu saa kabla ya kazi, juu ya meza iliyonyooka, isiyotikiswa na presi. Kisha ipe jiwe la kupimia. Mawe halisi yanauzwa na ununue, lakini usiku huu chukua sarafu ya senti 5 ya Marekani. Serikali yao inaitengeneza kwa gramu 5 kamili, sawa na greni 77.16. Iliyochakaa itapungua kidogo, si neno. Chagua moja, iweke alama, na itumie hiyo hiyo kila mara. Ikisoma sawa mwanzo, katikati na mwisho, mizani ni nzima. Ikikupa 77.1, kisha 76.5, kisha 77.8, hiyo ni redio, si mizani. Mimi binafsi ningetafuta mizani ya mkono wa kuning'inia, ile isiyo na betri. Ni ya polepole na inachosha, na haijawahi kunidanganya.

Najua utafikiria ujanja mmoja, maana kila mtu huufikiria: kupima risasi zilizokamilika ili kuzijua zenye baruti kasoro. Haifai. Maganda yenyewe yanatofautiana uzito kwa greni 10 na zaidi, hasa ukichanganya ya dukani na ya jeshi. Kosa la baruti litajificha humo kama sindano kwenye gunia la pamba.

Kwa hiyo ni kung'oa. Nunua ile nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa, ni rahisi. Vichwa vyote vitatoka salama na utavitumia tena. Baruti usiirudishe kwenye kopo. Imwage kwa uchache kwenye majani nje, itakuwa mbolea. Maganda yako ya dukani, yale uliyoyabana kwa dai yako kabla haijanasa, ambayo fataki zake zimekaa vizuri chini kidogo ya uso wa kitako, yatajazwa upya bila tatizo. Yale yenye fataki zilizobonyea yapeleke uwanjani, yapige yakiwa matupu, kisha yatupe. Najua fataki ziliadimika sana tangu 2020 na roho itauma. Iume tu.

Nimebakiza dai ya jirani. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ile pete ya kufungia iliyo juu ya dai aliikaza kwa kipimo cha presi yake na kishikio chake. Ukiihamishia kwako, huenda dai imekaa juu kwa unene wa karatasi mbili tatu, bega la ganda halisukumwi vya kutosha, bolti haifungi. Legeza pete. Pandisha kishikio mpaka mwisho, shusha dai ikiguse, kisha izungushe kidogo kidogo huku unajaribu ganda TUPU kwenye bunduki mpaka bolti ifunge kwa ulaini wenye kaukinzani kadogo. Hapo simama. Ukipitiliza, bega litarudi nyuma mno, ganda litavutika kila linapopigwa, na siku moja litakatika juu ya kitako. Dalili yake ni mstari unaong'aa kulizunguka ganda sehemu ya chini. Kunja ncha ya pini ya karatasi, ipitishe ndani uikwaruze ukutani. Ikinasa kwenye mfereji, tupa ganda hilo. Angalia pia urefu kwa kalipa: .308 isizidi inchi 2.015, na ukikata ikate hadi 2.005.

Nimesema ganda tupu, kwa herufi kubwa, kwa sababu umenisimulia bila hata kuona haya kwamba ulizitia risasi 60 zilizo hai kwenye bunduki, moja moja, ndani ya gereji, nyuma ya ukuta ambao familia yako inalala. Nilisoma mstari huo mara mbili. Usirudie. Tengeneza risasi moja ya bandia isiyo na fataki wala baruti, itoboe ubavuni ijulikane, hiyo ndiyo ya kujaribia.

Shemeji wa Tabora mwambie hapana, tena leo, asije akaahidi watu. Baruti na fataki haziruhusiwi kwenye ndege zinazotoka Marekani, si kwenye begi la mkononi wala la kupakiwa. Na akizipokea Tanzania bila kibali atakutana na sheria ya silaha na risasi ya 2015. Yeyote anayesoma hapa akiwa Dar, Mombasa au Bukavu aelewe hivyo hivyo: namjibu mtu ambaye sheria ya mahali alipo inamruhusu. Na hata huko Idaho unaruhusiwa kujaza za kwako. Ukianza kuwauzia rafiki zako, umekuwa kiwanda na unahitaji leseni ya serikali kuu. Wenye viza za muda nao wasiige tu, wengi wao hawaruhusiwi kushika hata risasi moja mpaka watimize masharti.

Sasa mkeo. Kwanza ana haki, pili ana haki. Fataki nyingi zina kemikali ya risasi, ile madini, na kila ganda lililopigwa limebaki na masizi yake. Mashine inapotikisa, masizi hayo yanahamia kwenye magunzi, na ukimimina magunzi yale ni vumbi la risasi linaloruka mpaka kwenye mkeka ambao mtoto anatambaa na kutia vidole mdomoni. Kwa mtoto wa miaka 2 sumu hiyo inaingia kwenye ubongo unaokua. Mpeleke kwa daktari wake apimwe damu, ni kipimo kidogo cha kawaida. Wamarekani wanaanza kufuatilia kuanzia mikrogramu 3.5 kwa desilita. Vitu vyote vihamie gerejini na visirudi ndani. Magunzi mwaga nje, umevaa barakoa, au achana nayo uoshe maganda kwa maji na sabuni. Hakuna chai wala sigara mezani pa kazi. Nawa mikono kwa sabuni na maji baridi, badilisha shati kabla hujambeba mtoto. Baruti ibaki kwenye kopo lake la asili, juu, kwa kufuli, na mezani liwe kopo moja tu kwa wakati mmoja.

Kuhusu siku 12: nunua maboksi mawili ya risasi za dukani. Nenda uwanjani, urekebishe shabaha upya, kwa sababu hazitapiga pale zilipokuwa zinapiga za kwako. Elki hatajua tofauti. Za kujaza mwenyewe utazifanya Januari theluji ikiwa imekufungia ndani, bila haraka.

Na lile chekecheke usilioshe ukalirudisha jikoni. Libaki gerejini, umnunulie mwenyewe jingine kesho ukitoka kazini.